Bima ya pikipiki Uingereza kwa aliyefika karibuni: je, inafuata chombo au inafuata mtu?

*"Shikamoo. Nina miaka 32, nimetoka Mwanza, na nimefika Leicester miezi minne iliyopita kwa viza ya mwenza kumfuata mke wangu, ambaye ni muuguzi hapa. Nyumbani niliendesha bodaboda miaka tisa, na sijawahi kugonga mtu wala kudai chochote bima. Leseni yangu ya Tanzania ina daraja la pikipiki na bado haijaisha muda. Nataka kununua pikipiki ya cc 125 ninayouziwa pauni 1,200, niende nayo kazini ghalani alfajiri, na jioni nisambaze chakula. Nilipoomba bei ya bima mtandaoni, kampuni mbili hazikunipa bei kabisa, na ya tatu ikataka pauni 1,850 kwa mwaka. Rafiki yangu mwenye leseni ya hapa anasema tuandikishe pikipiki na bima kwa jina lake, kisha niendeshe mimi, maana bima ni ya pikipiki. Mwingine amenipa namba ya mtu anayeuza bima kwa WhatsApp kwa pauni 300. Je, miaka yangu tisa haina thamani hapa? Nifanye nini?"*

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa mahangaiko. Ndani ya swali lako moja mna maswali manne: kama leseni yako inakubalika, kwa nini bima inauzwa ghali kuliko pikipiki yenyewe, kama njia ya rafiki yako ni salama, na kama miaka yako tisa inaweza kuhesabiwa. Nitayajibu yote. Lakini nitaanza na maneno machache uliyoyapitia haraka, kwa sababu katika kazi yangu ya kuwasaidia wageni kupata bima hapa nimeona ndiyo yanayowaangusha wengi zaidi: "maana bima ni ya pikipiki."

Nyumbani usemi huo una msingi wake. Mwenye bodaboda hukata bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, stika inaonekana kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima ya Tanzania, na kuanzia hapo anayekaa kwenye usukani ni yeyote mwenye leseni aliyeruhusiwa na mwenye chombo. Wewe mwenyewe huenda uliendesha pikipiki ya tajiri miaka kadhaa ukimpelekea hesabu jioni, na siku ukiumwa ukamwachia deiwaka, na hakuna aliyewahi kupiga simu kwa kampuni ya bima kutaja jina la deiwaka huyo. Bima ilikuwa imekaa juu ya chombo, na mtu alipita tu.

Hapa Uingereza mambo yamepangwa kwa namna nyingine. Hati ya bima hufungwa na mambo manne kwa pamoja: pikipiki fulani, mtu au watu waliotajwa kwa majina, shughuli wanayoifanya nayo, na mahali inapolala usiku. Moja likiwa si la kweli, yale mengine matatu huenda yasikukinge. Kwa magari bado utakuta hati chache zinazomruhusu dereva yeyote, lakini kwa pikipiki ndogo, na hasa kwa mtu mwenye historia fupi hapa, usitegemee kupata hati ya namna hiyo.

Chukua jioni moja ya kawaida. Umetoka mgahawani na boksi la chakula mgongoni. Gari la polisi lenye kamera ya kusoma namba linakupita, na kabla hujafika kwenye taa za barabarani askari ameshaona kwamba pikipiki hiyo imo kwenye hifadhidata ya bima inayoendeshwa na Motor Insurers' Bureau. Hata hivyo anakusimamisha, anauliza jina lako, anatazama boksi lako, kisha anahakikisha kwa kampuni ya bima mambo mawili tu: nani anaruhusiwa kuendesha, na kwa shughuli gani. Kwenye nafasi ya kwanza lipo jina la rafiki yako. Kwenye ya pili imeandikwa matumizi binafsi na safari za kwenda kazini. Pikipiki ina bima, lakini wewe huna, na kwa sheria ya mwaka 1988 iitwayo Road Traffic Act kosa hilo ni lako wewe uliyekuwa juu yake, hata kama uliamini kwa dhati kwamba mambo yako sawa.

Adhabu ya papo hapo ni faini ya pauni 300 na pointi 6 kwenye rekodi ya udereva. Shauri likifika mahakamani faini haina kikomo, na unaweza kuzuiwa kuendesha kwa muda. Polisi wana mamlaka ya kuichukua pikipiki pale pale, na ili uirudishe utalipa gharama za kuivuta na kuihifadhi na utaonyesha bima halali. Usipofanya hivyo kwa wakati inaweza kuteketezwa. Tena, anayepata leseni kamili ya hapa kwa mara ya kwanza huwekwa chini ya uangalizi wa miaka miwili: akifikisha pointi 6 ndani ya muda huo leseni inafutwa na anaanza upya, nadharia na vitendo. Kosa moja la bima linatosha kuzijaza pointi zote sita.

Sasa nirudi kwenye mpango wa rafiki yako. Najua anakupenda na anataka kukusaidia. Lakini kumwandika mtu mwenye historia nzuri kama mwendeshaji mkuu, huku mwendeshaji wa kila siku ni mwingine, makampuni ya bima huliona kuwa ni udanganyifu, na wana wachunguzi wanaolijua vizuri, kwa sababu ni mchezo wa zamani mno. Hata mkikuongeza kama mwendeshaji wa pili kwenye hati yake, swali la fomu ni nani anaitumia zaidi, na jibu la kweli ni wewe. Ikitokea umemgonga mtu, kampuni italazimika kwa sheria kumlipa aliyeumia, kwa kuwa sheria inamlinda majeruhi kwanza, lakini baada ya hapo inaweza kukugeukia wewe, na hata rafiki yako aliyeruhusu uendeshe, kudai irudishiwe fedha hizo. Rafiki yako pia atabaki na alama ya kufutiwa bima kwa udanganyifu, na kila fomu atakayojaza baadaye itamuuliza kama amewahi kufutiwa. Mshukuru kwa moyo wake, kisha mkatalie.

Tuje kwenye bei. Umeshangaa, na ni haki yako kushangaa, kwamba bima inazidi thamani ya chombo. Ukiitazama bima kama kinga ya pikipiki yako hesabu haiingii akilini. Lakini kitu ambacho sheria inakulazimisha kukikatia bima ni madhara utakayomfanyia mwingine, na hapa madhara hayo kwa mwili wa mtu hayana kikomo cha fidia, wakati kwa mali kiwango cha chini kinachopaswa kukingwa ni pauni 1,200,000 kwa tukio moja. Linganisha na Kenya, ambako sheria imeweka ukomo wa shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Ukimgonga kijana kwenye kivuko cha waenda kwa miguu akapooza, kampuni yako itagharamia wauguzi wake, nyumba iliyorekebishwa kwa ajili ya kiti cha magurudumu, na mishahara ambayo angeipata mpaka uzeeni. Hizo ni fedha za kuhesabiwa kwa mamilioni ya pauni, na thamani ya pikipiki iliyosababisha hayo haihusiki kabisa.

Jambo la pili ni kwamba kampuni haikujui wewe. Inalijua kundi lenye sifa ulizoandika kwenye fomu, na inakutoza kwa kadiri ya kundi hilo. Leseni ya nje, miezi minne ya ukaazi, hakuna historia ya bima ya hapa, pikipiki ya cc 125, mjini, kazi ya kusambaza chakula: kila kimoja kinakusogeza kwenye kundi ambalo kampuni ama haina takwimu za kutosha juu yake, ama ina takwimu za kuogopesha. Pikipiki ndogo pia huibiwa kwa urahisi, kwani watu wawili wanaweza kuinyanyua na kuipakia kwenye gari dogo la mizigo ndani ya dakika moja. Ndiyo maana postikodi ya nyumbani kwako ina uzito mkubwa. Juu ya yote hayo serikali inaongeza kodi ya bima ya asilimia 12.

Zile kampuni mbili ambazo hazikukupa bei zisikuumize moyo. Mara nyingi mfumo wao wa mtandaoni haukubali leseni za nchi kama yetu, na hakuna binadamu aliyekaa akakutafakari akakukataa. Hiyo si sawa na kufutiwa bima, na huna haja ya kuitaja ukiulizwa baadaye kama umewahi kufutiwa.

Miaka yako tisa je? Hapa nitasema ukweli ambao hautakufurahisha. Punguzo la kutodai, kama linavyoeleweka hapa, ni rekodi iliyoandikwa kwa jina lako na kampuni ya bima, inayosema umekuwa na hati yako mwenyewe miaka kadhaa na hukudai. Kampuni nyingi za hapa hazikubali rekodi ya nje. Bima ndogo ya nyumbani nayo kwa kawaida haijengi punguzo la namna hiyo, na kama pikipiki ilikuwa ya tajiri, basi rekodi yoyote iliyopo ni yake. Hata hivyo usiitupe historia yako. Kama kuna miaka uliyokata bima kwa jina lako, iwe ndogo au kubwa, omba kampuni au wakala wako wa Mwanza akuandikie barua kwenye karatasi yenye nembo, ikitaja jina lako kama lilivyo kwenye pasi ya kusafiria, namba za hati, tarehe za kuanza na kuisha, aina ya chombo, na kwamba hakuna dai lililolipwa. Madalali wachache wa bima hapa huizingatia barua kama hiyo wanapozungumza na kampuni kwa ajili yako. Nimeona mara kadhaa ikisaidia, na mara kadhaa ikiwekwa pembeni. Kuipata haikugharimu kitu kikubwa, kwa hiyo ianze leo.

Ile miaka tisa ina thamani nyingine isiyopimwa na kampuni: mikono yako. Utaiona kwenye mtihani wa vitendo, na hapo ndipo penye ufunguo wa shida yako nzima, kama nitakavyoeleza.

Leseni yako ya Tanzania inakuruhusu kuendesha hapa pikipiki za madaraja yaliyoandikwa humo kwa miezi 12 tangu siku ulipokuwa mkaazi, ilimradi leseni yenyewe iwe hai. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni zao hubadilishwa moja kwa moja, na Kenya na Uganda hali kadhalika, kwa hiyo baada ya miezi 12 haki hiyo inakwisha, na huwezi kuirefusha kwa kurudi nyumbani likizo na kuingia tena. Leseni ya kimataifa, ile inayotolewa pamoja na leseni ya nyumbani, haiongezi hata siku moja. Na kwa kuwa nimeshaulizwa zaidi ya mara moja, niseme pia kwamba ile kadi ya njano ya COMESA, inayokuvusha kutoka Mutukula hadi Kampala bila kukata bima nyingine, haina nguvu yoyote huku.

Umebakiwa na takriban miezi minane. Fanya hivi: omba leseni ya kujifunzia kwa DVLA, mamlaka ya leseni ya hapa, sasa hivi, ambayo kwa mtandao inagharimu pauni 34 ninapoandika. Ukiipata ndani ya miezi yako 12, kwa muda uliobaki bado unaendesha kwa haki ya leseni yako ya Tanzania, bila kulazimika kuweka zile herufi nyekundu za L. Wakati huo huo fanya mtihani wa nadharia, ambao ni pauni 23: maswali 50 ambayo unapaswa kupata 43, na sehemu ya video za kutambua hatari barabarani ambayo alama za kufaulu ni 44 kati ya 75. Hakuna toleo la Kiswahili, kwa hiyo jipe wiki kadhaa za kusoma mwongozo wa barabarani wa hapa kwa Kiingereza, hasa mizunguko na alama za njia za mabasi. Kisha fanya CBT, mafunzo ya msingi ya lazima ambayo mara nyingi huchukua siku moja, halafu mitihani miwili ya vitendo. Wa kwanza ni uwanjani, pauni 15.50, na wa pili ni barabarani, pauni 75 kwa siku za kazi.

Hapa nina ushauri ambao wengi hawaupati mapema. Ukifanyia mitihani hiyo kwenye pikipiki ya cc 125, utapewa daraja A1 tu, la pikipiki ndogo. Lakini wewe umeshavuka miaka 24, kwa hiyo unaruhusiwa kujifunza na kufanya mtihani moja kwa moja kwenye pikipiki kubwa ya chuo na kupata daraja A lisilo na mipaka. Gharama ya mafunzo inapanda, na si lazima ununue pikipiki kubwa baadaye. Kinachobadilika ni kwamba kwenye fomu ya bima utajaza leseni kamili ya Uingereza, na milango iliyofungwa usoni pako mwezi uliopita itaanza kufunguka. Sitakuahidi itashuka kwa pauni ngapi, kwa sababu anwani na kazi vitabaki vile vile, lakini ukiniuliza ni jambo gani moja lililo mikononi mwako linaloigusa bei hiyo zaidi, ni hilo.

Angalizo: miezi 12 ikipita hujafaulu, wewe ni mwanafunzi kama wanafunzi wengine. Utaendesha kwa cheti cha CBT, kinachodumu miaka miwili, kwa pikipiki isiyozidi cc 125, ukiwa na L mbele na nyuma, bila abiria na bila kuingia barabara kuu za mwendo kasi, zile ziitwazo motorway. Na ni lazima uijulishe kampuni ya bima kwamba hali ya leseni yako imebadilika. Wengi husahau hilo, na hati waliyoilipia kwa uaminifu inakuja kuleta matatizo.

Sasa kazi ya jioni. Kusambaza chakula kwa malipo ni matumizi tofauti kabisa na kwenda ghalani. Kwenye vyeti vya hapa utayakuta kwa maneno "hire and reward", na yasipokuwepo, dakika unayopokea oda ya kwanza huna bima. Usidhani kwamba programu ya kampuni ya chakula inakukinga: baadhi huwapa wasambazaji kinga ya kuumia wao wenyewe, lakini ile bima inayodaiwa na sheria ya barabarani unabaki nayo wewe. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni hati moja ya mwaka inayojumuisha usambazaji, ambayo ni ghali. Ya pili ni kuwa na hati ya kawaida kwa safari zako, kisha kununua bima ya usambazaji kwa saa, inayowaka unapoanza kazi na kuzimika unapomaliza. Kwa mtu wa saa chache jioni, ya pili mara nyingi hutoka nafuu, lakini kabla ya kuilipia muulize mwenye hati yako ya kawaida kama anakubali pikipiki itumike hivyo chini ya bima ya mwingine. Omba jibu kwa maandishi.

Kwa viza ya mwenza kwa kawaida unaruhusiwa kujiajiri, kwa hiyo upande huo uko vizuri, ila soma masharti ya viza yako mwenyewe uhakikishe. Nasema hivi kwa ajili ya wadogo zetu wanafunzi wanaosoma majibu haya: viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri, na wasambazaji wengi wa chakula huhesabika kuwa wamejiajiri. Bima nzuri kiasi gani haiwezi kulisafisha hilo, na kukodi akaunti ya mtu mwingine kunaongeza kosa juu ya kosa.

Kuhusu muuzaji wa WhatsApp, tafadhali usimtumie hata pauni moja. Watu hawa hufanya kazi kwa namna tatu. Wengine hutengeneza cheti cha kughushi. Wengine hukata hati halisi lakini kwa taarifa za uongo, wakikupa umri mwingine, mji mwingine na kazi nyingine, ndiyo maana bei inashuka. Wengine hukata hati halisi yenye taarifa sahihi, wanakuonyesha, kisha wanaifuta ndani ya zile siku 14 za kubadili nia na kuchukua marejesho wao. Polisi wa City of London wana kikosi maalumu cha udanganyifu wa bima tangu mwaka 2012, na wauzaji hawa ni miongoni mwa wanaowasaka. Mwaka juzi alinijia kijana akiwa na cheti kizuri kwenye simu, nembo ipo, saini ipo. Tulipopiga namba ya kampuni tuliyoitafuta sisi wenyewe, si ile iliyoandikwa kwenye cheti, tukaambiwa hati hiyo iliishi siku tisa tu. Alikuwa ameendesha miezi mitano bila bima, na mbele ya sheria kudanganywa kwake hakukumwondolea kosa. Kabla ya kumlipa yeyote, tafuta jina lake kwenye rejista ya FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha. Asipokuwemo, mazungumzo yaishe.

Unapojaza fomu yako, jaza kana kwamba mtu atakuja kuikagua, kwa sababu siku ya ajali ndivyo itakavyokuwa. Sheria ya mwaka 2012 inayohusu maelezo ya mteja wa bima inakutaka uchukue uangalifu wa kutosha usitoe taarifa isiyo sahihi. Ukidanganya kwa makusudi, kampuni inaweza kuibatilisha hati, kukataa madai yako yote na kubaki na fedha ulizolipa. Ukikosea kwa uzembe tu, na kampuni ingekutoza zaidi kama ingejua, fidia yako hupunguzwa kwa uwiano: ulilipa pauni 600 mahali ulipopaswa kulipa 1,200, basi utalipwa nusu ya hasara yako. Maeneo wanayoteleza wageni ni yale yale. Andika leseni kuwa ya nje ya Ulaya na ni ya miaka mingapi, usiandike ya Uingereza kwa kuwa tu umeshaomba ya kujifunzia. Andika tarehe halisi uliyoanza kuishi hapa. Ajali na makosa ya nyumbani nayo yanahesabika kama swali limeyahusisha. Ukisema pikipiki inalala gereji, ilale gereji. Ukisema una mnyororo wenye alama ya Sold Secure, ile ya ubora wa vifaa vya kuzuia wizi, uwe umefungwa kila usiku, na risiti yake iwepo.

Omba bei ya aina zote tatu: ya mtu wa tatu peke yake, ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi, na bima kubwa. Usishangae bima kubwa ikikaribia ndogo au hata ikawa chini yake, hutokea. Lakini pima unachonunua. Pikipiki yako ni ya pauni 1,200. Kama hati inasema pauni 500 za mwanzo za hasara ni juu yako, basi ikiibiwa utapokea zisizozidi 700. Ukitozwa pauni 400 zaidi kwa mwaka kwa ajili ya kinga hiyo, mimi ningechukua ya mtu wa tatu na kununua mnyororo mzuri. Kulipa kwa mwezi nako ni mkopo wenye riba, na mtu asiye na historia ya mikopo hapa anaweza kukataliwa, hivyo ulizia jumla ya mwaka mzima kabla ya kufurahia kiasi cha mwezi.

Kama ungekuwa ndugu yangu wa damu ningekushauri usinunue pikipiki hiyo mwezi huu. Kwa miezi minne au mitano nenda ghalani kwa basi, au kama zamu inaanza kabla ya mabasi, nunua baiskeli ya umeme iliyo halali: injini isiyozidi wati 250, inayosaidia tu unapopiga pedeli, na inayoacha kusukuma ikifika takriban kilomita 25 kwa saa. Baiskeli ya namna hiyo haihitaji leseni, usajili wala bima ya lazima, na kampuni za chakula huikubali. Jihadhari tu na zile zilizochezewa ziende kasi, kwa sababu kisheria hizo ni pikipiki zisizo na bima, na polisi huzichukua. Fedha utakazookoa zipeleke kwenye mafunzo ya daraja A. Njia hii ina gharama yake: mvua ya Novemba ni kali, na mapato ya jioni yatakuwa madogo kuliko ya pikipiki. Kama familia haiwezi kusubiri, basi zungumza na dalali kuhusu kuendesha kwa leseni ya Tanzania sasa, na ukubali kwamba mwaka wa kwanza utakuwa ghali. Mwaka huo mmoja ukipita salama, kwa hati iliyo kwa jina lako, utakuwa na punguzo la kutodai linalotambulika hapa.

Dalali utampata kupitia BIBA, chama cha madalali wa bima, ambacho kina huduma ya kukuelekeza kwa wanaoshughulikia leseni za nje. Mpigie simu, usitegemee fomu za mtandaoni, maana kesi yako inahitaji mtu wa kuisikiliza. Nenda na leseni, pasi, uthibitisho wa anwani na ile barua ya Mwanza. Ukishakata bima na baadaye ukaona hukutendewa haki, andikia kampuni malalamiko kwanza. Wana wiki 8 za kujibu, na ukipata jibu lao la mwisho una miezi 6 ya kulipeleka shauri kwa Financial Ombudsman Service, msuluhishi wa malalamiko ya huduma za fedha, bila malipo na bila wakili.

Na ikitokea umeshaendesha hata mara moja kwa mpango wa rafiki yako, na ukapokea bahasha ya mahakama kuhusu kosa la bima, usiiweke kabatini. Kwa kawaida notisi za aina hiyo hukupa siku 21 za kujibu, na usipojibu shauri linaweza kuamuliwa bila wewe kuwepo. Hukumu za mahakama huulizwa kwenye fomu za uhamiaji, na viza yako imeshikamana na ya mke wako. Siku utakapoipokea, ichukue na uende nayo Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, au kwa wakili wa makosa ya barabarani, na umwombe pia mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa aitazame kabla hujaandika neno lolote la kukiri au kukana.